Kanyaga, Achia

Jumapili, 13 Novemba 2005

Kwa masikitiko makubwa, familia ya Mshana ya Brooklyn Park inatangaza kifo cha kikwangulio chake cha barafu, kilichotokea leo saa mbili kasorobo asubuhi juu ya kioo cha mbele cha pikapu. Marehemu alikuwa wa plastiki, rangi ya bluu, na alitumikia majira sita ya baridi bila likizo. Ameacha mgane mmoja, yaani mimi, niliyemalizia kazi kwa kadi ya maktaba.

Daftari hili si la mambo hayo. Tulia, mke wangu, amelinunua niandike presha kila siku kama daktari alivyoagiza. Leo ni 136 kwa 86. Lakini kurasa ni pana na namba ni mbili tu, na mimi sijawahi kuacha nafasi tupu, iwe kwenye karatasi au kwenye mazungumzo ya watu.

Theluji ya kwanza imeanguka, kwa hiyo baada ya ibada watu walinifuata uwanjani: "Mwalimu, tunaanza lini?" Mimi si mwalimu. Natunza mafaili katika ofisi moja ya jimbo hapa Marekani, Saint Paul. Ila kila majira ya baridi, kwa miaka minane sasa, nawafundisha Watanzania na Wakenya wa usharika wetu kuendesha gari kwenye theluji, bure, katika uwanja wa magari nyuma ya kanisa, Brooklyn Center. Waliopita mikononi mwangu ni thelathini na wanane. Hakuna aliyepata ajali ya maana, ukiacha Griffins na lile sanduku la barua aliloligonga, na sanduku nalo lilikuwa na makosa yake.

Elimu yangu yote ni maneno mawili. Niliyapata Usangi, kwenye milima ya Upare, nikiendesha Land Rover ya misheni wakati wa masika, kona juu ya kona, korongo upande wa kushoto. Ukiteleza usikanyage breki ukang'ang'ania, tairi zitajifunga na gari litakwenda linakotaka lenyewe. Kanyaga, achia. Kanyaga, achia. Matope na theluji, kwangu mimi, ni mtu na mdogo wake.

Jumamosi, 19 Novemba

Darasa limefunguliwa. Wanafunzi wapya ni watatu. Wambui, nesi kutoka Nyeri, ana gari na ana mdomo. Maurice, mhasibu, anaogopa hata breki ya mkono. Na Dafrosa, mwenyeji wa Mbinga, miaka thelathini na minne, anahudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee Saint Paul. Ni Mkatoliki, lakini anaimba alto kwetu kwa sababu sisi ndio wenye ibada ya Kiswahili. Hana gari. Basi la kwanza humfikisha kazini saa moja, na zamu inaanza saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo kila asubuhi anaanza siku kwa kuomba radhi.

Dafrosa anaandika kila ninachosema. Nilikohoa, akaandika.

Tunafundishia pikapu yangu ya mwaka themanini na tisa. Alipoteleza mara ya kwanza alipiga kelele, kisha mguu ukakumbuka: kanyaga, achia, kanyaga, achia, tukasimama hatua tatu kutoka kwenye nguzo ya taa.

"Nimeweza, Mwalimu?"

"Umeweza. Nguzo nayo imeshukuru."

Presha 134 kwa 84. Kufundisha kunanifaa.

Alhamisi, 24 Novemba

Sikukuu ya Wamarekani ya kula bata mzinga. Presha sikupima, kwa heshima ya bata.

Jumamosi, 3 Desemba

Binti yetu Irene, miaka kumi na sita, anasoma udereva shuleni. Mezani akaniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba mwalimu wao anasema breki hazikanyagwi na kuachiwa siku hizi. Nikamwuliza kama huyo mwalimu amewahi kushuka Usangi na mapipa manne ya dizeli nyuma na askofu mbele. Tulia akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Irene akainua mabega, akasema basi, sawa.

Jumamosi, 10 Desemba

Kwaya imetunga mchezo. Nikiingia, soprano wanaita "Kanyaga!" na besi wanajibu "Achia!" Mchungaji anajifanya hasikii.

Wambui kaja na gari lake leo. Nimemwona akifunga breki uwanjani: anakanyaga na kushikilia, mguu hautoki. Nilipomwonya akasema, "Sawa, Mwalimu," haraka mno, akatazama pembeni. Wakenya wana haraka. Nitamrekebisha.

Jumapili, 18 Desemba

Dafrosa amenunua gari! Kauziwa na mzee mmoja pale kazini aliyestaafu. Rangi ya fedha, halijamaliza miaka minne, ndani lina harufu ya peremende. Alisimama nalo mlangoni mwa kanisa kama bibi harusi anayesubiri kupigwa picha.

Alipowasha, taa ndogo zikatokea mbele yake na kupotea. "Mwalimu, hizi herufi tatu za njano ni za nini? A, B, S."

"Mapambo," nikamwambia. "Wazungu wanapenda taa."

Akatoa kidaftari chake, akaandika. Watu walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi njema. Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Pikapu imekataa kuwaka, nami nimeielewa.

Jumamosi, 7 Januari 2006

Nimepeleka pikapu kwa Harrison, fundi, Mkenya wa Eldoret. Huongea na nati kwanza, kisha na mwenye gari. Akiwa chini ya gari aliniuliza kama bado nafundisha. Nikasema naam, na nikamwimbia wimbo wetu. Hakucheka. Alijivuta, akatoka chini, akaketi juu ya tairi.

"Mzee, usinielewe vibaya. Hiyo ya ku-pump, kanyaga-achia, ni ya gari kama hii yako. Hizi za siku hizi ziko na kompyuta ya breki. Gari likianza kuteleza, kompyuta ndiyo inakanyaga na kuachia, mara mingi sana kwa sekunde moja. Wewe kazi yako ni kugonga breki, ushikilie, halafu ukate usukani uende pahali pako salama. Uki-pump, unaichanganya. Hausimami, na hata kona haukati vizuri."

"Mtu atajuaje gari lake linayo?"

"Akiwasha ataona herufi tatu za njano. Na siku ikifanya kazi, pedali inatetemeka kwa mguu, inapiga kelele hivi, grrr. Watu huogopa, wanatoa mguu. Na hiyo kutetemeka ndiyo kazi yenyewe!"

Nilimwuliza kuhusu tairi. Nilimwuliza kuhusu betri. Nilimwuliza habari za Eldoret.

Nyumbani nikamsimulia Tulia kama kichekesho: profesa wa theluji ameanguka mtihani. Hakucheka. "Waambie kesho," akasema.

Presha 148 kwa 92.

Jumapili, 8 Januari

Leo nilikuwa nimejiandaa kabisa. Kisha mchungaji, kwenye matangazo, akasema tarehe 12 Februari usharika utafanya shukrani kwa Mwalimu wetu Elihuruma Mshana, kwa miaka minane na wanafunzi arobaini na mmoja. Kutakuwa na keki, na zawadi atakayoikabidhi mwanafunzi mmoja kwa niaba ya wote. Kanisa zima likapiga makofi. "Kanyaga!" "Achia!" Hata mchungaji safari hii aliitikia. Dafrosa alikuwa safu ya mbele ya kwaya, anapiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa.

Unasimamaje hapo ukasema?

Kwenye gari Tulia akauliza, "Umewaambia?"

Nikamweleza mpango. Nitasema siku ile ile ya tarehe 12, kwenye hotuba yangu, kwa utani, mimi mwenyewe, kabla ya keki. Hotuba nimeanza kuiandika na inachekesha.

Jumapili, 15 Januari

Joto limepanda, barabara ni kavu. Dafrosa anasema sasa anafika kazini robo saa kabla ya zamu, na kwamba bibi mmoja pale humsubiri dirishani. "Ni mkono wako huo, Mwalimu."

"Umewaambia?" Tulia.

"Barabara ni kavu."

Jumapili, 22 Januari

Dafrosa yuko kazini, hakuja. "Umewaambia?" "Hayupo." "Wengine je?"

150 kwa 94.

Jumapili, 29 Januari

Usiku ilinyesha mvua, na ikaganda ilipogusa ardhi. Nyaya, miti, ngazi za kanisa, vyote vimevaa kioo. Nilifika mapema kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu ngazini, kisha nikasimama dirishani kuwatazama wanaoingia.

Gari la Dafrosa lilishuka kile kimwinuko cha uwanjani. Taa zake za nyuma zikawa zinawaka na kuzima. Waka, zima, waka, zima, kwa mpangilio, kama mtu anayehesabu kimoyomoyo. Lilipita nafasi ya kwanza ya kuegesha, likapita ya pili, likapita ya tatu, polepole, likasimama lilipofika kwenye kokoto. Akashuka. Akaniona dirishani, akanipungia mkono na kuninyooshea dole gumba.

Tulia alikuwa nyuma yangu na aliona nilichokuwa nakitazama. Leo hakuuliza.

Baada ya ibada nilimfuata Dafrosa mpaka mlangoni pa gari lake. Nilikuwa na maneno. Akaniwahi: "Mwalimu, usimwambie mtu, zawadi ni mimi nitakayekukabidhi. Nimepigania hiyo kazi, Wambui aliitaka!" Nikacheka. Nikasema hongera. Nikamfungia mlango.

Jumapili, 5 Februari

Theluji tangu jana, ibada imeahirishwa. Nimekaa ndani nikisafisha hotuba. 156 kwa 96.

Jumatano, 8 Februari

Dafrosa amepata ajali.

Niandike kwa utaratibu. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika chache asubuhi, bado giza. Jana mchana theluji iliyeyuka kidogo, usiku ikaganda, ile barafu isiyoonekana, unaona lami nyeusi tu. Alikuwa anateremka kuelekea kwenye taa nyekundu, si mbali na kwake, anakwenda kazini. Polisi anasema hakuwa na mwendo mkubwa. Gari halikusimama. Liliingia njiapanda taa ikiwa nyekundu, na lori la kumwaga chumvi likalipiga upande wa dereva. Dereva wa lori hakuumia. Yule mtu analia, wanasema, ameketi ukingoni mwa barabara analia.

Nyonga imevunjika mahali pawili, mguu wa kushoto, mbavu. Yu hai. Wamempasua asubuhi, tulikaa na mchungaji na Wambui hadi saa tisa mchana.

Nilipita pale njiapanda nikirudi. Upande wa kulia, kabla ya taa, kuna lundo la theluji iliyosukumwa na matinga, laini, limezidi urefu wa mtu. Angekata usukani kidogo tu angeingia humo kama kwenye godoro.

Alinipigia simu alfajiri, kabla ya kutoka, kuulizia ratiba ya Jumapili. Tuliongea kidogo tu.

Tulia amekwenda kulala bila kunisubiri. Presha sikupima.

Jumapili, 12 Februari

Shukrani imeahirishwa. Tumekwenda hospitali badala yake, watu tisa na keki.

Aliniona mimi kwanza. "Mwalimu," akasema, sauti ikiwa imekauka, "nisamehe. Nimekuaibisha."

"Usiseme hivyo."

"Nilikanyaga, nikaachia. Nilikanyaga, nikaachia. Lakini nadhani niliachia mapema. Au nilichelewa. Nimerudia kichwani kila siku na sijui wapi nilikosea."

Wote walinitazama, wanangoja mwalimu aseme neno la kumtuliza. Nikamwambia barafu ile haina fundi. Hayo ndiyo niliyosema. Watu wakaitikia, kweli, haina fundi.

Wambui alikuwa anatazama viatu vyake.

Jumapili, 19 Februari

Baridi. 160 kwa 98.

Jumapili, 26 Februari

Mchungaji ametangaza upya: shukrani ni tarehe 5 Machi. Dafrosa amehamishiwa kituo cha mazoezi ya viungo, na amewaomba wamlete kanisani kwa kiti cha magurudumu. Bado anataka kukabidhi zawadi mwenyewe. Daktari wake amemwambia atatembea, ila kazi ya kuwainua wazee vitandani asiitegemee tena.

Tulia amesikiliza tangazo akiwa amekunja mikono. Zamani aliuliza kila Jumapili. Sasa ananipakulia chakula na kwenda kukaa chumba kingine.

Jumamosi, 4 Machi

Leo naandika ilivyokuwa hasa. Nimeyasoma ya nyuma. Karibu yote ni kweli, na palipo na uongo ni sentensi moja, ile ya simu.

Dafrosa hakunipigia kuulizia ratiba. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini. Nilikuwa kitandani, Tulia kando yangu, na simu yangu hupiga kelele hata mtu wa pili anasikia kila kitu.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani kwa kukuamsha. Jana jioni niliteleza kidogo, na breki ikanitetemesha mguu, ikalia kama mtu anasaga karanga. Nikaogopa. Lakini mguu wangu ulitaka kuendelea kukandamiza tu, nikahisi gari linanisikia. Sasa leo njia ina barafu. Nifanyeje, nikandamize au niachie?"

Mguu wake ulikuwa umeshajua. Alichotaka kwangu ni ruhusa.

Nami nilijua. Nilijua kwa siku thelathini na mbili. Niliona mara moja kwamba nikisema "kandamiza" ataniuliza, kwa upole wake, imekuwaje, tangu lini, na hotuba yangu ya kuchekesha itakufa pale pale kitandani. Zilibaki siku nne. Nikasema:

"Kanyaga, achia. Kama nilivyokufundisha."

"Asante, Mwalimu. Sasa nina amani."

Tulia aliketi gizani. "Elihuruma, mpigie simu." Nikasema nitampigia akishafika, asije akapokea akiwa anaendesha. Nilijifunika blanketi. Hakuna zaidi ya hapo. Sikusahau, wala usingizi haukunizidi.

Leo asubuhi nilianza kuwapigia wanafunzi, na ni woga ulionifanya nianze na walio rahisi. Wambui alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, hiyo tulijua," akasema. "Harrison alituambia November. Si ungekasirika? Wewe ni mzee wetu. Mtu ataanzaje kukurekebisha mbele ya watu? Sisi tulikuwa tunaimba na wewe, halafu tukiwa barabarani tunashikilia breki."

"Dafrosa je?"

"Tulidhani pia yeye anajua."

Griffins alijua. Maurice, anayeogopa breki ya mkono, aliisoma kwenye kitabu cha gari. Nilipata ishirini na sita, na kumi na tisa walikuwa wanajua, na wote waliniimbia. Hiyo haipunguzi langu hata chembe. Wao walidhani. Mimi niliulizwa.

Saa nane mchana nikaenda kituoni kwa Dafrosa. Alikuwa ameketishwa karibu na dirisha, kitenge kimefunika miguu, na kitandani kando yake boksi lililofungwa karatasi ya dhahabu.

"Mwalimu! Funga macho, usione zawadi."

Nikamwambia nikiwa nimesimama. Nilianza na Harrison, nikamalizia na simu. Utani uliniponyoka wote, na bila huo sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Hakulia. Aliuliza kwanza, "Kwa hiyo sikukosea?"

"Hukukosea. Ulifanya vile vile nilivyokufundisha."

"Sikuachia mapema."

"Hapana."

"Wala sikuchelewa."

"Hapana, Dafrosa."

Alifumba macho, na uso wake kwa muda kidogo ulitulia, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha akayafumbua. "Ulijua lini?"

"Tarehe saba Januari."

"Tumeonana mara ngapi tangu siku hiyo?"

"Mara tatu kabla ya ajali. Na simu."

"Siku ya mvua ya barafu ulinifuata mpaka kwenye gari. Nilidhani unanisindikiza." Akatazama nje, kwenye uwanja, ambapo theluji imekuwa nyeusi kwa moshi na inayeyuka. "Ukanifungia mlango."

"Nilikufungia," nikasema.

"Kesho kanisani utasema wewe, au niseme mimi?"

"Nitasema mimi. Kabla ya kitu kingine chochote."

"Na simu pia."

"Na simu pia."

Alinyoosha mkono, akalisukuma boksi la dhahabu kwa ncha za vidole mpaka likafika mbali kitandani, asikoweza tena kulifikia. Miaka miwili tangu aje mji huu hajawahi kuniita ila Mwalimu, au siku za sherehe Baba Irene.

"Nenda nyumbani, Elihuruma," akasema.